Betri Nene

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2008, saa kumi alasiri, nilikuwa mezani kwangu Korogwe nikisahihisha mitihani ya Jiografia ya kidato cha pili. Nilikuwa nimefika kwenye karatasi ya mwanafunzi aliyeandika kwamba mto Pangani hupanda mlima wakati wa masika, na nilikuwa bado natabasamu nilipoiweka kalamu nyekundu chini ili nimpigie mama, kama nilivyofanya kila Jumatano na Jumamosi. Sauti ya mtambo ikaniambia kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nilipiga mara tisa kabla ya magharibi, na kila mara yule mwanamke asiyechoka alinijibu kwa upole uleule, hadi nikaanza kumchukia kama mtu ninayemfahamu.

Mama alikuwa akiishi Kwedizinga, wilaya ya Handeni, peke yake. Au ndivyo nilivyozoea kusema kila nilipoulizwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliuona mwanga, aliviona vivuli vya watu mlangoni, lakini sura na tarakimu zilikuwa zimemwacha. Mahindi yake aliyapalilia kwa kupapasa, na watu wa huko walisema palizi yake ni safi kuliko ya wenye macho. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwanza yangu mimi, niliyomwachia nilipopata nyingine, na vitufe vyake alivijua kwa kidole gumba: akibonyeza mbili kwa muda mrefu ananipata mimi, akibonyeza tatu anampata kaka yangu. Sikukuu ya Idi iliyotangulia nilimpelekea simu mpya. Vitufe vyake vilikuwa bapa kama kioo. Alihangaika nayo siku nne, akampigia mzee mmoja wa Singida asiyemjua wakaongea habari za mvua, kisha akairudisha kwenye boksi lake na kunikabidhi. Simu ile ya zamani haikuwa na mbadala, na ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, betri.

Mwezi Mei alikuwa amenilalamikia kwamba betri haimalizi siku. Nilimjibu bila kufikiri: "Itoe, mama, uianike juani kidogo. Itapata nguvu." Ndivyo tulivyolelewa. Nilipokuwa mtoto, betri za redio zilifika duka la ushirika mara chache na kugawiwa kwa majina, na zilipochoka kila nyumba ilizipanga juu ya bati tangu asubuhi, ili taarifa ya habari ya saa mbili isikike hadi mwisho. Nimesoma chuo, nimefundisha miaka ishirini, na bado jibu la kwanza lililonijia kuhusu betri yoyote lilikuwa bati la nyumbani kwetu.

Jioni ile ya Jumamosi nilimpigia kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, ambaye alikuwa akifanya kazi Moshi.

"Imezimika tangu lini?" akauliza.

"Nimeanza kupiga saa kumi."

"Na Jumatano?"

"Jumatano tumeongea. Alikuwa mzima kabisa."

"Mzima wa Jumatano ndiye anayezikwa Ijumaa, mdogo wangu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Masika ya mwaka uliotangulia mama alishikwa na homa, akalala ndani siku mbili hadi jirani alipomkuta na kumpeleka zahanati. Tangu hapo kaka alitaka mama ahamie kwangu. Mimi nilikuwa nikisitasita, kwa kuwa mara moja tu nilipomgusia mama jambo hilo alinijibu kwamba Korogwe ni mji mzuri sana wa kupita.

Kesho yake asubuhi simu ikaita na mama akapokea. "Betri tu, mwanangu," alisema. "Betri imechoka." Nilikaa chini kwa furaha. Kaka hakufurahi. Aliniambia kwamba simu hiyo ikizimika tena hata mara moja kabla ya mwisho wa Julai, nitakwenda kumchukua mama siku inayofuata, na shamba litakodishwa. Mtu wa kulikodi alikwisha kumpata. Akaongeza: "Na tusimwambie. Akijua, atajitia uzima."

Nikasema ndiyo.

Niliposema ndiyo, nilijipa kazi ya upande wa pili. Ikiwa kukaa kwa mama nyumbani kwake kulitegemea betri, basi ningemtafutia betri. Niliona kwamba huo ndio utakuwa upendo wangu kwake, nao ungefanyika kimyakimya, kama masharti yalivyowekwa.

Nilianza kwa fundi simu mmoja jirani na stendi ya Korogwe. Alikuwa fundi saa kabla watu hawajaanza kutazama saa kwenye simu, na bado alivaa kile kioo cha jichoni. Nilimwonyesha simu yangu nyingine ya toleo lile la mama, iliyokuwa haiwaki kwa ubovu wa betri tu, pamoja na betri hiyo.

Betri hakuipima kwa mashine. Aliilaza mezani, akaigusa pembe kwa kidole, nayo ikazunguka mara tatu kama pia ya mtoto kabla ya kusimama.

"Umeona, mwalimu? Betri nzima hulala bapa, haichezi. Hii imevimba tumbo. Iliwahi kuanikwa?"

"Watu huanika," nikasema.

Alikiondoa kioo jichoni ili anitazame vizuri. "Zile za redio ni za kale, mwalimu. Hii ukiianika inaiva. Nimeona moja imepasuka kwenye mfuko wa shati la mtu. Shati liliungua, na ngozi pia. Wewe hujaanika, lakini?"

Nilisema sijaanika, na hiyo ilikuwa kweli. Nilitoka pale bila kuaga. Nilimwona mama, asiyeona, ameilaza simu chini ya mto kama nilivyomwagiza mwenyewe ili asiikose ikiita. Jioni ileile, Jumatano, kabla hata ya salamu kukamilika, nilimwambia asiianike betri kamwe, na kama alikwisha kuianika asilale nayo. Alinyamaza kidogo.

"Sawa," akasema. "Nimesikia."

Nilimwuliza kama amekula, kama amemeza dawa ya presha, kama maji yapo. Akajibu yote kwa utaratibu, kama mtoto anayesoma sala. Sikuuliza alinyamaza kwa nini.

Fundi hakuwa na betri ya toleo lile. Akaniambia kiwanda kimeacha kuitengeneza, na zilizopo sokoni ni za kuigiza. Likizo ya Juni ikanipa nafasi, nikapanda gari hadi Mombo. Pale wauzaji walikuwa wanakimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na mahindi ya kuchoma mkono huu na betri na chaja mkono ule, na nilinunua mbili. Nilipomfikishia fundi, zote mbili zilicheza mezani kabla hazijatumika hata siku moja. Nilistaajabu. Mtu anaweza kuzaliwa na mimba?

Segera nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Kijana aliyetandika bidhaa zake kwenye turubai alinipokea kwa uchangamfu.

"Mama yangu, hiyo ya kwako ya zamani ina tumbo la mtoto. Chukua hii. Soma mwenyewe hapo, namba mara tatu. Unachaji Idi hii, inaisha Idi ile."

"Ni ya kweli?"

"Mama, mimi nauza uongo? Uongo unauzwa Dar es Salaam, huku tunaletewa orijino."

Kwenye karatasi ya betri ile kulikuwa na namba kubwa ya ujazo, muhuri unaong'aa na maandishi ya lugha tatu. Niliilaza juu ya daftari langu; haikuzunguka. Nikaondoka nikijiona mjuzi.

Fundi aliipokea kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayepima dhahabu. Kisha akachukua wembe, akachana ile karatasi nzuri pembeni. Ndani, mahali ambapo nilidhani pangekuwa na chuma kizima, palikuwa na kibetri chembamba cha ukubwa wa biskuti, na nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa kadibodi na kitu cha kijivu kilichokauka. Alikikwangua kwa ukucha, kikamomonyoka juu ya meza.

"Udongo?" nikauliza.

"Udongo. Wamefinyanga." Alisema kwa heshima fulani, kama fundi anayeisifu kazi ya fundi mwenzake. "Ndiyo maana haikucheza. Imetulia kwa uzito wa udongo."

Sijui kwa nini kitu kidogo hicho kilinipiga sana. Nilikulia katika miaka ya kukosa. Tulijua duka tupu lina maana gani. Sasa barabara zetu zote zilikuwa zimejaa vitu hadi kwenye vumbi, na mtu fulani, mbali sana, alikuwa ameketi akakanda udongo, akaukausha, akauvika namba, akijua kabisa kwamba utafika mikononi mwa mtu kama mama yangu. Nilikusanya yale makombo kwenye bahasha. Fundi akaniuliza ninayapeleka wapi, nami nikaitia bahasha kwenye mkoba.

Ni yeye aliyepata njia. Simu nyingine ya kiwanda kilekile, kubwa kidogo, ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa ya mteja wake na kufa, lakini betri yake ilikuwa nzima. Meno yake ya shaba yalikaa sawasawa na ya simu ya mama, na ujazo wake ulikuwa karibu mara moja na nusu. Kasoro yake ilikuwa unene. Fundi alikata mfuniko wa nyuma wa simu yangu ile isiyowaka, akaupiga tupa, akautengenezea tumbo la kuipokea ile betri, kisha akaufunga kwa mpira. Nilikaa na simu hiyo siku nne bila kuichaji, nikiiwasha na kuizima, nikiwapigia walimu wenzangu bila sababu. Haikuzimika. Nilihisi nimeshinda, ingawa mama hakujua kwamba kulikuwa na shindano.

Nilikusudia kumpelekea Jumatatu ya tarehe 30. Jumamosi ya tarehe 28, saa kumi, nikapiga. Haipatikani.

Sikumpigia kaka, ni yeye aliyenipigia, kwa kuwa naye alikuwa amejaribu. Aliongea kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Tulikubaliana," alisema. "Kesho nenda kamlete."

Jumapili nilipanda gari la kwanza nikiwa na betri nene kwenye mkoba na begi tupu la nguo za mama mkononi. Niliposhuka barabarani nilikodi baiskeli, na mwenye baiskeli alipojaribu kunisimulia habari za bei ya mahindi nilimwambia akanyage tu. Niliiwaza ile betri iliyopasuka kwenye mfuko wa shati. Niliwaza mto na nywele.

Mlango wa mama ulikuwa umerudishwa tu. Niliita hodi mara tatu, nikaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu yake ilikuwapo simu, imelala kifudifudi, haina mfuniko, na mahali pa betri palikuwa wazi. Nilikitazama kile kishimo cha mraba na meno yake matatu ya shaba. Nilikaa kitandani. Kwa muda sijui kiasi gani nilikuwa nimekwisha kumzika, nimekwisha kugawa vyombo vyake, nimekwisha kuwaza nani atasoma dua.

Ndipo nikasikia akicheka.

Kicheko kilitoka ng'ambo ya shamba, kwenye boma la wafugaji waliohamia pale miaka michache nyuma. Nilivuka mahindi bila kutafuta njia. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo, kati ya wanawake watatu wenye mashuka na shanga, na mapajani mwake palikuwa na kitambaa chenye betri nne za simu. Alikuwa akizipapasa moja moja. Karibu naye mwanamke wa nne, kijana, alikuwa amemaliza kuongea na simu, anacheka bado, na anaifungua nyuma ili aitoe betri.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Aligeuza uso upande wangu. "Mbona leo? Leo si Jumatano."

Yule kijana akainama, nikamgusa kichwa kama ilivyo ada yao.

"Simu yako haipatikani tangu jana," nikamwambia mama.

"Jana Jumamosi. Jumamosi betri iko kwa huyu." Akamwonyesha kijana kwa kidevu, bila kukosea alipokaa. "Mumewe ni mlinzi Dar es Salaam. Siku ya kuongea naye ni Jumamosi, akibadilishana zamu na mwenzake. Jana mtandao ulikuwa mbovu, wamemalizia leo."

"Na yake iko wapi? Hana betri yake?"

Wanawake wale walitazamana. Mama alichukua betri moja kutoka kwenye kitambaa, akanipa. Ilikuwa imevimba kama andazi.

"Hii ndiyo yake. Ilikuwa imechoka kuliko yangu. Wewe ulisema ianikwe. Nikamwambia mwanangu ni mwalimu, amesema anika. Akaianika juu ya bati tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ilipotoka pale haikuingia tena kwenye simu." Akanyosha mkono, nikamrudishia. "Ushauri wako, mimi niliupeleka. Ulitaka nifanye nini, nimwambie pole?"

"Mwalimu alisahau kuandika dakika ngapi," alisema mwanamke mkubwa wa boma lile, na wote wakacheka, mama zaidi ya wote.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kuhesabu: Jumamosi ya tarehe 14, Jumamosi ya tarehe 28. Tarehe 21 tulikuwa tumeongea. Siku hiyo, nikaambiwa, mume alikuwa lindoni. Kumbe kile nilichokuwa nikikitafuta Mombo na Segera, hadi kwenye matumbo ya udongo, kilikuwapo muda wote. Betri ya mama ilikuwa nzima ya kutosha. Ilikuwa imekwenda kwa jirani.

Mama alinieleza utaratibu wao kama mtu anayeeleza zamu za kisimani. Simu zilikuwa tano, betri nzuri mbili, na zilizobaki zilikuwa za kusaidia. Mara mbili kwa wiki betri zilipelekwa dukani barabarani penye umeme wa jua, zikabanwa kwenye kobe, ile chaja inayouma betri peke yake bila simu. Huko nyuma zilikuwa zinarudi zimechanganyika, ya huyu kwa yule. Ndipo wanawake wale walipozitia alama kama wanavyotia masikio ya ng'ombe: pembe ya kushoto chale moja, pembe ya kulia chale mbili, au zote. Mwenye duka aliangalia kwa macho akakosea. Mama alipapasa kwa ukucha na hakukosea hata siku moja, kwa hiyo kila betri ilipita mapajani mwake.

"Huyu hakosei, yeyo wetu," kijana akasema, akimwita mama kwa neno lao la mama.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza mama.

"Ungeniambia nisiazimishe."

"Lakini mimi nilikuwa napiga Jumamosi."

"Wewe unauliza yale yale. Umekula, umemeza dawa, maji yapo? Nikaona Jumatano inatosha."

Nilitoa betri nene kwenye mkoba, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Nikamweleza: ujazo wake, mfuniko uliopigwa tupa, siku nne bila kuzimika. Mama aliipokea kwa viganja viwili. Aliizungusha, akapima unene wake kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akamwomba kijana simu yake, akajaribu kuitia. Haikuingia. Akajaribu simu ya pili. Haikuingia.

"Imenona," alisema mwanamke mkubwa. "Imekula za wenzake."

"Inaingia kwenye simu yako, mama," nikasema. "Nimekuletea na mfuniko wake."

"Yangu peke yake."

"Ndiyo."

Alinirudishia. "Kazi nzuri," akasema. "Mshukuru fundi. Lakini hii haiwezi kwenda kwa mtu. Ukipata nyembamba, hata kama imechoka, niletee hiyo."

Nilipoinama kuipokea, begi likamgusa goti. Akalishika. Akapitisha mkono juu yake, akaingiza ndani, akakuta hakuna kitu.

"Begi hili la nani? Jepesi."

Ningeweza kudanganya. Wanawake wale walikuwa wakinitazama. Nadhani walijua kabla yake, kwa kuwa walikuwa wanauona uso wangu. Nikamwambia kwamba ni la nguo zake. Nikamwambia habari ya kaka, habari ya mwisho wa Julai, habari ya simu kuzimika mara moja zaidi, habari ya mtu aliyekwisha kupatikana wa kukodi shamba. Nikamwambia kwamba nilisema ndiyo.

Mama hakupaza sauti. Alizikunja betri kwenye kitambaa, moja moja, akafunga fundo.

"Mlikuwa mnanipima," akasema.

Nikalivuta begi nyuma yangu.

"Wanafunzi wako, ukiwapa mtihani huwaambii?"

"Nawaambia, mama."

"Tarehe huwaambii?"

"Nawaambia."

Alitikisa kichwa polepole. Nimeona watu wakifiwa, nimeona wakifukuzwa kazi; sijaona uso ulioshtuka kama ule, labda kwa sababu haukuwa na macho ya kuuficha. Baadaye akamgeukia kijana na kumwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Mwaka jana nilipoanguka homa, nani alinibeba zahanati?"

"Mimi na shemeji, yeyo."

Jirani. Mwaka mzima nilikuwa nimelitamka neno hilo bila kuuliza ni jirani gani.

Nilitaka nimpigie kaka palepale ili mama aseme naye. Mama akakataa. "Kwenye simu atakukatiza," alisema. "Mwandikie. Barua huisoma mpaka mwisho, tangu utoto wake." Kisha akaniambia niwahi gari, kwa kuwa Jumapili magari ni machache, na hakunisindikiza zaidi ya ukingo wa shamba.

Nilirudi Korogwe na begi tupu. Barua ilinichukua wiki nne. Mara tatu kaka alipiga kuuliza, mara tatu nilimwambia asubiri kidogo, naye akadhani ninatafuta gari la mizigo. Fundi alinipatia betri mbili nyembamba zisizocheza mezani, nikazituma. Kisha nikakaa na kuandika haya, ambayo nimeyanakili kutoka kwenye nakala niliyobaki nayo.

Korogwe,
26 Julai 2008

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Umeniuliza mara tatu kwa nini sijamleta mama, na mara tatu nimekukwepa. Sasa nakujibu.

Mama yuko Kwedizinga na atabaki Kwedizinga. Simu yake ilizimika tarehe 28 Juni kama ulivyosikia mwenyewe, na kwa masharti tuliyowekeana mambo yamekwisha. Nakuandikia kukataa masharti hayo. Niliyakubali, sikulazimishwa, na aibu yake naibeba. Lakini hayakuwa yetu kuyaweka, na sitayatekeleza. Tafadhali mwambie mtu wako atafute shamba kwingine.

Simu haikuzimika kwa ugonjwa wala kwa uzee. Mama alimwazima betri jirani yake, kijana wa boma la wafugaji ng'ambo ya shamba, ambaye betri yake iliharibika kwa ushauri wangu mimi. Kijana huyo huyo ndiye aliyembeba mama zahanati masika yale. Tulimwita jirani, wewe na mimi, na hatukumtumia hata salamu.

Tulikuwa tunasema mama anaishi peke yake. Nimefika, nimehesabu. Kuna wanawake wanne ambao hawawezi kuongea na watu wao bila vidole vyake. Mimi hapa Korogwe sina hata mmoja anayenihitaji kiasi hicho.

Nina maombi mawili. La kwanza, njoo kabla ya mwezi wa Ramadhani. Usije kwangu, nenda kwake, ukae naye, umweleze kwa mdomo wako yale tuliyopanga, tangu mwanzo hadi habari ya shamba. Amekwisha kuyasikia kutoka kwangu, lakini anataka kuyasikia kwako. La pili, usimpigie Jumamosi. Siku hiyo betri si yake. Mimi nina Jumatano. Mwulize akupe yako.

Nimemwomba radhi. Hajanijibu. Amesema atajibu tukiwa wawili mbele yake.

Nisalimie wifi na watoto.

Mdogo wako.